Makao Mapya ya Watu wa Bonde: Yapangwe na Nani?

Tangu tarehe 1 Mei mwaka 2013, siku mto Nyamwamba ulipofurika ukachukua nyumba na madaraja na kuingia hata katika hospitali ya Kilembe, hapana neno lisemwalo mara nyingi hapa Bulembia kuliko neno "kuhama". Mto ulirudi mwaka 2014. Ukarudi tena Mei 2020, na mara hiyo ulikuja na mawe makubwa ambayo watu kumi hawawezi kuyasogeza. Watu wengi wa mitaa ya mgodi walipelekwa kambini Muhokya, wakakaa katika mahema kwa miaka, si kwa miezi. Wengine walipanga vyumba mjini Kasese. Wengine walirudi wakaishi kati ya kuta zilizobakia, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda.

Basi juu ya kuhama kila mtu ana shauri lake. Wapo wasemao serikali itafute ardhi, wapo wasemao makanisa yatoe ardhi, na wapo wazee ambao hawataki kusikia habari hiyo kabisa. Mimi sibishani na hao wote. Lakini nataka kuwauliza ndugu wasomaji wa gazeti letu swali ambalo silisikii likiulizwa: siku ardhi itakapopatikana, ni nani atakayechora ramani ya makao? Nionavyo mimi, swali hilo si dogo kuliko swali la ardhi yenyewe. Maana sisi watu wa bonde tumekwisha kukaa katika makao yaliyochorwa na watu wengine, na twajua yalikwishaje.

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kutoa mali mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na shaba ikapelekwa kuyeyushwa Jinja. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, na walijengewa nyumba za mistari kando ya mto, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na ardhi ya tambarare. Kila jamaa ilipata chumba au vyumba vyake. Vitu vingine vilikuwa vya wote: bomba, choo, mahali pa kuogea, uwanja wa mpira, shule, hospitali. Wazee wetu husifu sana siku zile. Wanasema taa ziliwaka, maji yalikuja, na mtu akivunja dirisha fundi alikuja kulitengeneza. Nawasadiki.

Lakini angalieni jambo moja. Katika mambo hayo yote mkaaji hakuulizwa neno. Hakuulizwa choo kiwe wapi, wala hakuulizwa kama anataka jikoni lake lielekee mlango wa jirani. Hakumiliki hata tofali moja. Alikuwa kama mgeni aliyealikwa vizuri. Mgodi ulipokoma mwaka 1982, wageni walibaki na mwenyeji hakuwapo. Katika mstari niliokulia mimi kulikuwa na bomba moja kwa milango mingi. Koki yake ilipolegea, kila mtu aliiona na kila mtu aliweka ndoo chini yake. Hapana aliyekuwa na haki ya kuitengeneza, wala hapana aliyekuwa na wajibu. Akina mama walifunga kitambaa, na kitambaa kilipooza wakafunga kingine. Haikuwa kwa uvivu, kwani akina mama hao hao walilima, wakafanya biashara na kutusomesha. Ni kwamba kitu kisicho na mwenyewe hakina pa kuanzia kutengenezwa.

Kwa sababu ya maisha hayo vijana wengi wa rika langu husema hivi: "Katika makao mapya sitaki kushirikiana kitu na mtu yeyote. Nipeni kiwanja changu, nizungushe ukuta wangu, nifunge geti langu." Maneno hayo nayafahamu vizuri, maana mtu aliyepanga foleni ya choo alfajiri huku akichelewa shule hahitaji kufundishwa thamani ya faragha. Walakini nafikiri wamechukia kitu kisichostahili. Ubaya wa mistari ile haukuwa kushirikiana, bali kushirikishwa na mtu mwingine, tena katika vitu ambavyo havifai kushirikiwa, kama choo.

Tufanye hesabu kidogo, maana wilaya ya Kasese haina ardhi ya kuchezea. Juu yetu ni mbuga ya taifa ya milima ya Rwenzori, iliyotengwa mwaka 1991. Chini yetu ni mbuga ya Queen Elizabeth, iliyotengwa mwaka 1952. Katikati kuna mji, mashamba na ardhi za watu. Tuseme jamaa 30 wanataka viwanja vya kawaida vya futi 50 kwa 100. Hiyo ni futi za eneo 5,000 kwa kila jamaa, na kwa wote ni 150,000, yaani kama ekari tatu na nusu, bila kuhesabu njia. Kila mtu atakuwa na ua mwembamba pande zote wa kukusanyia takataka, na watoto hawatakuwa na mahali pa kupiga mpira ila barabarani. Sasa tuseme jamaa hao hao wanakubaliana kila mmoja achukue futi 30 kwa 60. Hapo patatosha nyumba, jiko, choo na bustani ndogo ya mboga nyuma. Jumla ni futi 54,000, ekari moja na robo tu. Zinabaki zaidi ya ekari mbili kutoka eneo lile lile, nazo ni za wote. Ekari mbili si haba! Humo utapata uwanja wa watoto, mahali pa kuanikia kahawa, miti ya matunda na ukumbi, na bado mbuzi watakuwa na pa kulala mbali na madirisha ya watu.

Nyumba kuwa za faragha na mahali pengine kuwa pa wote si shauri langu mimi. Huko Denmark watu wa mijini walianza kuliwaza katika miaka ya 1960. Mchoraji wa majumba aitwaye Jan Gudmand-Høyer alikutana na rafiki zake mwaka 1964 kulizungumza, na mwaka 1967 mwandishi Bodil Graae aliandika gazetini kwamba yafaa watoto wawe na wazazi mia moja. (Hilo kwetu si habari mpya, kwani mtoto wa Kilembe akitupa jiwe hupigwa na mama watatu kabla hajafika kwao.) Mwaka 1972 kijiji chao cha kwanza, Sættedammen, kilikuwa kimekwisha kujengwa, chenye nyumba 27 na nyumba moja ya wote. Kila jamaa ina mlango wake na jiko lake, na katika nyumba ya wote hupika na kula pamoja anayependa. Kutoka huko desturi hiyo ilienea hata Marekani, ambako kijiji cha kwanza kilichojengwa upya kwa namna hiyo kilifunguliwa mwaka 1991 katika mji wa Davis, California.

Siwataji watu hao ili tuwaige katika kula pamoja. Wao walikuwa na upweke mwingi na nafasi nyingi, sisi tuna majirani wengi na nafasi chache. Nawataja kwa ajili ya jambo moja tu: walikutana kwanza, wakagombana kwanza, wakachora kwanza, ndipo wakajenga. Miaka minane ilipita kutoka mazungumzo ya kwanza hadi watu kuingia katika nyumba. Mtu aweza kucheka miaka hiyo, lakini kuna jamaa zetu walioona miaka mingi ikipita katika hema bila mazungumzo yoyote.

Karibu zaidi nasi kuna mfano wa Tanzania, na mfano huo una sura mbili. Mapema katika miaka ya 1960 vijana wachache walianza kijiji cha Litowa huko Ruvuma kwa hiari yao. Walilima pamoja, wakaanzisha shule yao, na vijiji vingine vikajiunga nao mpaka vikawa kama 17 katika chama kimoja. Mikutano yao ndiyo iliyoamua mambo. Chama hicho kilivunjwa kwa amri mwaka 1969. Kisha mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na katika miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa malori, na wengine walishushwa mahali ambapo hapakuwa na maji. Jina lilikuwa moja, ujamaa. Lakini Litowa watu walijipanga wenyewe, na katika ile operesheni walipangwa. Mwanafunzi wa historia asiyeona tofauti hiyo amesoma tarehe tu.

Mfano mwingine ni wa juzi, nao wafanana sana na shida yetu. Bandari ya Dar es Salaam ilipopanuliwa, watu wengi wa Kurasini walibomolewa nyumba zao. Wapangaji hawakupata fidia kama walivyopata wenye nyumba. Baadhi yao walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba, wanawake wengi miongoni mwao, na kwa akiba hizo walinunua ekari 30 huko Chamazi, pembeni ya jiji. Kabla ya kujenga walikaa na wachoraji wakaamua nyumba ziwe za namna gani: ndogo kwa kuanzia, ziweze kuongezwa chumba mtu akipata fedha, tena zibanane kidogo ili ardhi itoshe wengi. Maji waliyachimba kwa ajili ya wote. Chamazi si peponi. Ni mbali na mjini, na mtu auzaye samaki bandarini hawezi kufurahia nauli ya kila siku. Hata hivyo wale walikuwa wapangaji waliofukuzwa, nao wakawa wenye kuamua.

Hapa kwetu Uganda pia tumeona watu wa mlima wakihamishwa. Baada ya maporomoko ya Nametsi, Bududa, mwezi Machi 2010, jamaa nyingi zilipelekwa Kiryandongo, safari ndefu kutoka Elgon. Baada ya maporomoko mengine ya Oktoba 2018, jamaa zilianza mwaka 2019 kuhamia Bunambutye katika wilaya ya Bulambuli, katika nyumba za namna moja zilizojengwa tayari. Kuwaokoa watu na mlima unaoporomoka ni kazi njema, wala sitaki kuidharau. Lakini baadhi ya waliokwenda Kiryandongo walirudi mlimani, kule kule kwenye hatari. Watu hawarudi kwenye hatari kwa ujinga. Hurudi kwa sababu kuna kitu walichokiacha ambacho katika makao mapya hakikuwekewa nafasi: shamba la kahawa, soko, kaburi la baba, ndugu wa kumwachia mtoto. Vitu hivyo havikosekani kwa ubaya wa mchoraji. Yeye aliulizwa idadi ya nyumba akajibu idadi ya nyumba.

Hivyo shauri langu ni kwamba watu wa mitaa yetu waanze kupanga sasa, kabla ya ardhi, na waanze na swali hili: kitu gani kiwe cha kila mlango, na kitu gani kiwe cha wote? Mimi nina majibu yangu, na wasomaji wana ruhusa kuyapinga katika toleo lijalo.

Choo, bafu na jiko la kila siku viwe vya kila nyumba. Juu ya choo sitaki hata mjadala. Juu ya jiko nasema hivi: chakula cha jamaa ni siri ya jamaa. Kuna siku mna nyama, kuna siku mna sombe bila mafuta, na haifai jirani ajue ipi ni ipi. Tena sisi ni watu wa dini mbalimbali. Katika mstari mmoja utakuta Mkatoliki, Mwanglikana, Msabato na Mwislamu, na sufuria iliyopikiwa nguruwe haiwezi kuzunguka milango yote. Nyumba zenyewe ziwe za chini, zisiwe za ghorofa, kwa sababu ardhi yetu hutetemeka. Lile tetemeko la Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia moja katika nchi ya Toro na ng'ambo katika Kongo.

Kwa upande mwingine kuna jiko la pili, nalo ni la wote: jiko la matanga na harusi. Nani katika Bulembia hajaona nyumba yenye msiba ikihangaika kutafuta masufuria makubwa, viti, turubai na kuni usiku? Msiba hauji na taarifa. Jamaa moja haiwezi kununua viti 100 ambavyo itavitumia mara moja katika miaka mitano, lakini jamaa 30 zaweza. Banda moja lenye mafiga makubwa matatu, stoo ya kufuli na daftari la kuazimia litawaondolea wafiwa aibu ya kwenda mlango kwa mlango. Na wageni waliotoka Bwera au ng'ambo ya Mpondwe kuja kuzika wapate pa kulala, badala ya kujazana sebuleni pamoja na jeneza.

Ukumbi huo huo jioni uwe chumba cha kusomea. Hapa nasema kwa niaba ya wanafunzi. Katika chumba kimoja chenye watu saba, redio na mtoto mchanga, hakuna awezaye kusoma hesabu. Jamaa nyingi zina taa moja ndogo ya jua, nayo huzunguka kutoka jikoni hadi kitandani. Ukumbi wenye taa nne nzuri, meza ndefu na mzee mmoja mkali mlangoni utafanya kazi kuliko mahubiri mengi juu ya bidii. Mchana watoto wadogo waachwe hapo na mama wawili wa zamu, na wengine waende shambani au sokoni.

Wakonzo tuna neno ekyaghanda, mahali pa moto ambapo wakubwa na wadogo hukaa jioni kuzungumza na kuamua maneno ya jamaa. Watu wa pwani wana baraza, lile benchi la mawe mbele ya nyumba, ambapo mgeni huketi na kupewa kahawa bila kuingia ndani. Baraza ni ufundi wa ajabu, maana mtu anamkaribisha jirani kwa moyo wote na bado mlango wa ndani umefungwa. Napenda kila nyumba mpya iwe na kibaraza kinachoelekea uwanja wa wote, na mlango wa nyuma unaoelekea bustani yake, pasipoonekana na mtu. Anayetaka watu akae mbele. Anayetaka kulia au kufua nguo zilizochanika akae nyuma.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wenzangu hucheka nikilitaja, na wazee hawacheki. Ni makaburi. Katika desturi yetu mtu huzikwa katika ardhi ya kwao. Katika kiwanja cha futi 30 kwa 60 hakuna pa kumzika mtu, na yeyote atakayechora makao bila makaburi asishangae wazee wakikataa kuhama. Sehemu ya zile ekari za wote lazima iwe ya makaburi, mbali na kisima, imepandwa miti, imeandikwa katika hati kwamba haitauzwa wala kujengwa milele. Nadhani jambo hili peke yake litaleta nusu ya wazee katika mkutano.

Sasa nakuja kwenye kufuli na ufunguo wa habari yote, yaani hati na fedha. Pasipo hati iliyo wazi, uwanja wa wote utamegwa. Mwaka wa kwanza mtu atapanda migomba mitatu, mwaka wa pili atazungusha ua, mwaka wa tatu atauza. Sheria zetu hazikosi njia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inawaruhusu watu kuunda ushirika wa ardhi ya pamoja, wenye katiba yake na kamati iliyochaguliwa ya watu wasiopungua watatu wala kuzidi tisa, na theluthi yao angalau wawe wanawake. Tena kuna Sheria ya Kondominia ya mwaka 2001, ambayo inamwezesha mtu kuwa na hati ya nyumba yake mwenyewe pamoja na fungu lake katika vitu vya wote, wala hawezi kuuza kimoja akabaki na kingine. Sheria hiyo hutumiwa zaidi na watu wa maghorofa ya Kampala. Njia ipi itufae sisi, wakili atuambie. Ninachosisitiza ni kwamba hati ya uwanja isiwe mkononi mwa mfadhili, wala ya kanisa, wala ya mwanasiasa, hata akiwa mwema namna gani. Wema hustaafu, huhamishwa na hufa.

Na fedha? Jamaa 30, kila moja ikitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, ni 150,000. Kwa mwaka ni 1,800,000. Hiyo yatosha koki nyingi, na betri ya taa, na mabati mawili matatu yakipeperuka. Asiyeweza kutoa fedha atoe siku za kazi, naye aandikwe katika daftari lile lile, kwa wino ule ule, asionekane kama ombaomba. Siku ya kazi ya pamoja, ambayo ndugu zetu wa Kongo huiita salongo, isiwe Jumamosi kwa ajili ya Wasabato, wala Jumapili kwa ajili yetu, wala Ijumaa mchana kwa ajili ya Waislamu. Wenye kujua hesabu watakuta zinabaki siku nne na nusu, nazo zinatosha kufagia uwanja.

Rafiki mmoja wa bwenini, mtu wa maneno mengi, aliniambia kwamba nimesahau tabia ya watu. "Kutakuwa na mlevi," alisema, "kutakuwa na mwizi wa ndizi, na kutakuwa na mama asiyelipa lakini mwenye kusema kuliko wote." Ni kweli, watakuwapo. Wapo sasa pia katika mistari, na wapo nyuma ya mageti ya Kasese. Tofauti ni kwamba katika makao niyasemayo kuna kamati ya kuwaita, katiba ya kuwasomea na jina lao katika daftari. Hata hivyo lazima katiba iseme wazi, kabla ya mtu kuingia, nini kitafanyika kwa asiyelipa miezi sita, na nini kwa mjane ambaye ndugu wa mume wanataka kumtoa. Hilo la mjane lisiachwe kwa huruma ya kamati. Jina lake liwe katika hati tangu siku ya kwanza.

Mwingine alisema kwamba watu walio katika shida hawana nafasi ya mikutano, wapewe nyumba tu. Nafikiri hajakaa na watu wa kambini. Mtu aliye katika hema ana usiku mrefu kuliko mtu yeyote, na mashauri anayo tele. Anachokosa ni karatasi na mtu wa kuandika anayoyasema.

Hapo ndipo sisi wanafunzi twaweza kuingia. Likizo ya Desemba ni ndefu. Wale wa kidato cha juu wanaosoma jiografia wanajua kupima kwa kamba na kuchora kwa skeli, na wale wanaosoma uchumi wanajua kutunza daftari. Tugawane mistari na mitaa: Kyanjuki, Namuhuga, Katiri na Bulembia yenyewe. Kila wawili wachukue milango ishirini. Waulize katika kila mlango wako wangapi, wana mbuzi wangapi, kahawa huanikwa wapi, maji huchotwa mbali gani, wagonjwa ni akina nani, na wamezikwa akina nani bondeni. Kisha waulize swali la mwisho, wakianza na mama mwenye nyumba kabla ya bwana: katika makao mapya, kitu gani hungependa kushirikiana na mtu yeyote? Mimi na wenzangu wawili tumekwisha kununua daftari la kwanza. Anayetaka kujiunga nasi atukute maktabani siku ya Jumatano baada ya michezo, aje na kamba ya futi 100 kama anayo.